Maneno Madogo Yenye Uzito

Mtu asemapo, "Naenda sokoni," habari yake ni moja, nayo ni wazi. Lakini aweza pia kusema, "Naweza kwenda sokoni," au "Yanipasa kwenda sokoni," au "Huenda nikaenda sokoni," au "Ningekwenda sokoni." Soko ni lile lile, na kwenda ni kule kule, walakini kila usemi una maana yake. Wa kwanza wataja uwezo, wa pili wajibu, wa tatu shaka, na wa nne wataja safari ambayo haipo, kwa kuwa liko jambo linaloizuia. Asikiaye huvipima vipande hivi vidogo, ndipo ajue kama amngoje mwenziwe au aende zake.

Kila lugha ina njia yake ya kueleza mambo haya. Kiswahili hutumia vitenzi kama kuweza na kupasa, na maneno kama lazima na huenda, na viungo vinavyotiwa ndani ya kitenzi, kama -ta- na -nge-. Kiingereza hutumia hasa vitenzi vichache vifupi, navyo ni "can", "could", "may", "might", "must", "shall", "should", "will", "would" na "ought". Huitwa vitenzi visaidizi, kwa sababu hutangulia kitenzi kikuu na kukisaidia. Hesabu yake ni kumi tu, lakini mwanafunzi asiyevijua vema aweza kusoma ukurasa mzima, akayajua maneno mengine yote, na bado asifahamu kama ameruhusiwa, ameamriwa au amekatazwa.

Asili ya vitenzi hivi

Zamani, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, vitenzi hivi vilikuwa na maana nyingine katika Kiingereza cha kale. "Can" lilikuwa na maana ya kujua. Hata leo Mwingereza husema, "She can swim," na Mswahili husema, "Ajua kuogelea," nao wote wawili wataja jambo moja. "May" lilikuwa na maana ya kuwa na nguvu. "Shall" lilikuwa na maana ya kuwiwa, yaani kuwa na deni; na kwa kuwa mwenye deni hana budi kulilipa, neno likageuka likawa la wajibu, kisha likawa la wakati ujao. "Must" lilitoka katika neno lililokuwa na maana ya kuruhusiwa, nalo polepole likawa la sharti.

"Will" lilikuwa na maana ya kutaka. Hapo Mswahili hana haja ya kushangaa, kwa maana wajuzi wa lugha husema kwamba -ta- ya "nitakwenda" yenyewe imetoka katika kitenzi kutaka. Watu wa nchi mbili zilizo mbali, wasiojuana, walipita njia moja: atakaye kwenda leo ndiye atakayekwenda kesho.

Desturi zake

Vitenzi hivi vina desturi zisizo za vitenzi vingine, na makosa mengi ya wanafunzi hutokea kwa kutozijua.

Desturi ya kwanza: havipokei herufi "s" mwishoni. Husemwa, "He walks," lakini "He can walk," wala si "He cans walk." Sababu yake ni ya kale. Vingi katika vitenzi hivi, hapo mwanzo, vilikuwa na umbo la wakati uliopita, na umbo hilo halipokei "s", kama vile isivyosemwa "He wents." Maana ikageuka ikawa ya wakati uliopo, lakini umbo likabaki lile la zamani.

Desturi ya pili: kitenzi kikuu hufuata bila "to". Husemwa, "You must go," wala si "You must to go." "Ought" peke yake ndilo hutaka "to": "You ought to go."

Desturi ya tatu: katika kuuliza, kitenzi kisaidizi huja mbele ya mtendaji, na "do" haitakiwi. "He can read" hugeuka kuwa "Can he read?" Na katika kukana, "not" hufuata mara moja: "He must not read." "Cannot" huandikwa kwa kawaida kama neno moja.

Desturi ya nne: viwili havikai pamoja. Hapa ndipo Mswahili hujikwaa zaidi, kwa maana Kiswahili chasema "nitaweza" kwa neno moja, naye hutaka kuandika "I will can." Kiingereza hakikubali hivyo. Yampasa aandike "I will be able to." Kadhalika "itanilazimu" si "I will must," bali "I will have to."

Uwezo na ruhusa

"Can" hutaja uwezo, na "may" hutaja ruhusa au shaka. Mwanafunzi atakaye kutoka darasani husema, "May I go out?" maana yake, "Naomba ruhusa kutoka." Akisema, "Can I go out?" wako walimu watakaomwambia kwamba ameuliza kama miguu yake ina nguvu. Kwa kweli katika mazungumzo ya kila siku Waingereza wengi hutumia "can" kuomba ruhusa, wala si kosa kubwa. Lakini "may" lina heshima zaidi, tena lafaa katika barua.

Katika maana ya shaka, "It may rain" ni "Huenda mvua ikanyesha." "It might rain" ni hivyo hivyo, ila mara nyingi tumaini la mvua ni dogo zaidi.

"Could" hutaja uwezo wa zamani: "When he was young he could carry a full sack." Lakini pia ni neno la adabu. Mtoto amwombapo mtu mzima husema, "Could you help me, sir?" Kitu chaombwa sasa hivi, na umbo la kitenzi ni la zamani. Jambo hili si geni, kwa sababu Mswahili naye husema, "Nilikuwa na ombi, mzee wangu," hali ombi bado analo mkononi. Kulirudisha neno nyuma ni njia ya kulilainisha, ili aombwaye asijione amesukumwa.

Ushauri na sharti

"Should" na "ought to" hushauri. "You should boil the water" maana yake, "Yafaa uyachemshe maji." "Must" hulazimisha: "You must boil the water," yaani, "Huna budi kuyachemsha." Kwa hiyo mtoto asimwambie mkubwa wake, "You must help me." Maneno yote ya usemi huo ni sahihi kwa sarufi, lakini ni amri, na mdogo hamwamuru mkubwa.

"Must" lina kazi ya pili, kama lazima ya Kiswahili. Mtu akimwona msafiri ameketi chini ya mti, viatu vimejaa vumbi, husema, "He must be tired." Hakuna aliyemwamuru msafiri achoke, asemaye amepima dalili, akaona kwamba bila shaka amechoka. Katika habari za wakati uliopita kazi hizi mbili hutengana. "He had to go home" ni "Ilimlazimu kwenda nyumbani." "He must have gone home" ni "Bila shaka amekwenda nyumbani." Azichanganyaye hueleza habari isiyo ya kweli, ingawa hakukusudia.

"Must not" na "need not"

Hapa pana hatari iliyo kubwa kuliko zote. Fikiri habari ya pipa la maji lililowekwa kando ya njia, na maji yake yametiwa dawa ya kuua wadudu. Juu yake pana kibao kilichoandikwa, "You must not drink this water." Watoto wawili wanatoka shuleni na jua ni kali. Mdogo hajui Kiingereza, naye amwuliza mkubwa kibao kinasema nini. Mkubwa amejifunza kwamba "must" ni lazima, na "not" ni neno la kukana. Avitia pamoja, kisha asema, "Si lazima kuyanywa maji haya." Mdogo ajibu, "Si lazima, lakini nina kiu," akainama kunywa.

Kosa li wapi? Neno kwa neno, mkubwa hakukosea. Lakini katika Kiswahili, "si lazima" huondoa sharti na kumwachia mtu hiari yake. Katika Kiingereza, "must not" haiondoi sharti, hulihamisha tu. Sharti labaki pale pale, nalo ni sharti la kutofanya. "You must not drink" ni "Usinywe," au "Ni marufuku kunywa." Kiingereza kitakapo kusema "si lazima" hutumia "You need not," au "You do not have to."

Basi mwanafunzi na aishike kanuni hii: "must" ni lazima, lakini "must not" ni "usifanye". Neno "need" hapo lasimama kama kitenzi kisaidizi, ndiyo sababu halifuatwi na "to".

"May not" nalo lataka uangalifu, kwa kuwa lina maana mbili. "You may not enter" ni "Huna ruhusa kuingia." "He may not come" mara nyingi ni "Huenda asije." Maneno yanayolizunguka ndiyo humwonyesha msomaji maana iliyokusudiwa.

"Shall" na "will"

Katika mwaka 1653 John Wallis, mjuzi wa hesabu wa Oxford, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiingereza, akakiandika kwa Kilatini. Ndani yake aliweka kanuni kwamba mtu atabiripo habari zake mwenyewe aseme "I shall", na atabiripo habari za mwingine aseme "you will" au "he will". Akiyageuza, maneno hayo huwa ahadi au tisho. Kanuni hiyo ilifundishwa shuleni kwa vizazi vingi. Siku hizi wasemaji wengi hutumia "will" kwa watu wote, na "shall" limebaki mahali pachache.

Mahali pamoja ni katika kuuliza shauri. "Shall I open the window?" si "Nitafungua dirisha?" bali "Nifungue dirisha?" Mahali pengine ni katika sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kiingereza chake, hutumia "shall" kutaja mambo yaliyo wajibu. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 imechagua "must" kwa kazi hiyo, ili msomaji wa kawaida asifikiri kwamba yasomwa habari ya siku zijazo tu.

Mambo yasiyokuwapo

"Would" hufanana na -nge- ya Kiswahili. "If he had a canoe, he would cross the river," maana yake, "Angekuwa na mtumbwi, angevuka mto." Lakini liko jambo la kuangaliwa. Kiswahili hutia -nge- pande zote mbili, na kwa hiyo mwanafunzi huandika, "If he would have a canoe, he would cross." Kiingereza chema hutia "would" upande mmoja tu, ule wa matokeo, upande wa "if" hupewa kitenzi cha wakati uliopita. Jambo likiwa limekwisha kupita kabisa, husemwa, "If he had had a canoe, he would have crossed," yaani, "Angalikuwa na mtumbwi, angalivuka."

Mapatano ya Wuchale

Mtu asidhani kwamba tofauti ya ruhusa na sharti ni jambo la darasani tu. Si Waingereza peke yao wenye maneno ya namna hii, na iko habari ya lugha nyingine mbili ionyeshayo uzito wake.

Tarehe 2 Mei, 1889, Menelik wa Pili wa Ethiopia alifanya mapatano na Italia mahali paitwapo Wuchale. Mapatano yaliandikwa kwa Kiamhari na kwa Kiitaliano. Kifungu cha 17 kilihusu mashauri ya Ethiopia pamoja na mataifa mengine. Kwa Kiamhari kilisema kwamba Menelik aweza kuitumia serikali ya Italia katika mashauri hayo. Kwa Kiitaliano kilisema kwamba akubali kuitumia, na serikali ya Italia ikashika kwamba hilo ni sharti. Kama yangaliandikwa kwa Kiingereza, tofauti ingalikuwa ile ya "may" na "must". Kwa maneno ya Kiamhari, Menelik alikuwa mfalme huru mwenye rafiki wa kumsaidia. Kwa maneno ya Kiitaliano, kama yalivyosomwa huko Roma, alikuwa chini ya ulinzi wa wengine, na Italia ikayatangaza hayo kwa mataifa ya Ulaya.

Menelik alipowaandikia watawala wa Ulaya mwenyewe, alijibiwa kwamba imempasa kupitia Italia. Akakataa kuikubali maana hiyo, na katika mwaka 1893 akayavunja mapatano. Neno moja peke yake halikuleta vita, maana Italia ilikuwa imekwisha kuitamani nchi. Lakini neno hilo ndilo lililokuwa hoja yake. Tarehe 1 Machi, 1896, majeshi yalikutana Adwa, na Waethiopia wakashinda. Katika mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, mapatano mapya yaliyofanywa Addis Ababa yaliyafuta yale ya Wuchale, na Italia ikaukubali uhuru wa Ethiopia. Watu maelfu walikuwa wamekwisha kufa.

Watu wa kazi nyingine pia wamejifunza kuyapima maneno haya kabla ya kuyatumia. Mwezi wa Machi, 1997, ulitolewa waraka mfupi kwa ajili ya wahandisi waandikao kanuni za intaneti, kueleza maana ya maneno kama "must", "should" na "may" ndani ya kanuni hizo. "Must" ni sharti lisiloachwa. "Should" ni jambo la kufuatwa, isipokuwa mtu ana sababu nzuri ya kuliacha, naye amekwisha kuipima. "May" ni hiari. Wahandisi hao wako katika nchi nyingi, na kila mmoja akilipa neno maana yake mwenyewe, mitambo yao haitasikilizana.

Njia ya kufuata

Mwanafunzi akutanapo na kitenzi kisaidizi katika Kiingereza, na asimame kidogo ajiulize mambo matatu. Kwanza, ni nani asemaye, naye asema na nani: mkubwa na mdogo, rafiki na rafiki, au sheria na watu wote? Pili, neno lataja uwezo, ruhusa, ushauri, sharti, au shaka? Tatu, kama pana "not", je, yaondoa sharti, au yakataza tendo? Akisha kujibu, na aufasiri usemi mzima, wala asifasiri neno moja moja. Afanyaye hivyo atakawia kidogo mbele ya kibao cha pipa, lakini ndugu yake hatakunywa.

Wazee walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona, neno likisha kutoka na kuandikwa, huenda mbali.

Maswali

1. Kwa nini haisemwi "He cans walk"?
2. Fasiri kwa Kiingereza: "Nitaweza kusoma," na "Itanilazimu kusoma."
3. Eleza tofauti ya "You must not wait" na "You need not wait."
4. Katika "He must be hungry," je, "must" ni amri? Eleza.
5. Kifungu cha 17 cha mapatano ya Wuchale kilisemaje kwa Kiamhari, na serikali ya Italia ilikisomaje kwa Kiitaliano?